Nyama kutoka kama uji kwenye mashine ya kujitengenezea: anza na mwendo, kisha kisu

Ndugu, umeeleza kwamba umefunga mota ya pampu ya maji kwenye mashine ya mkono ya kusaga nyama, saizi namba 32, puli (gurudumu la mkanda) ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye mashine, na sasa nyama inatoka ya moto, imepondeka kama uji, na mkanda unateleza. Wenzangu wamekushauri utafute mota yenye nguvu zaidi. Naomba nitofautiane nao, kwa sababu yangu niliitengeneza Tanga miaka sita iliyopita kwa ajili ya sambusa za mke wangu, na nilipita humo humo.

Mota nyingi za pampu za nyumbani huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Kwa puli zako, mashine inazunguka zaidi ya mara 700, ilhali mkono wa mtu huizungusha kama mara 60 tu. Mimi nilichukua mota ya hospawa 1 yenye mizunguko 1,440, nikaweka shafti ya kati juu ya beringi mbili: puli ya inchi 3 kwenda ya 12, kisha ya inchi 4 kwenda ya 8. Mwendo ukashuka hadi 180, na nguvu ya kuzungusha ikapanda kwa kiasi hicho hicho, hata mkanda ukaacha kulia. Puli kubwa niliipata mtaa wa Gerezani nilipokwenda Dar es Salaam, na shimo lake likapanuliwa na fundi wa kuchonga vyuma.

Mwendo ukishakaa sawa, kilichobaki ni kisu, na hapa nakusihi usiharakishe. Upande bapa wa kisu ndio unaolala kwenye sahani ya matundu. Ukikigeuza, hakikati bali kinaponda. Hata kikiwa kimekaa sawa, lazima mabawa yote manne yaguse sahani kwa pamoja. Mimi huchora mistari ya kalamu ya wino mzito juu ya mabawa, naweka msasa namba 400 wenye maji juu ya kipande cha kioo kinene, kisha nakisugua kisu kwa kukizungusha polepole mpaka wino ufutike kote. Mara ya kwanza bawa moja lilibaki na wino nusu nzima, na hapo nikaelewa kwa nini mishipa ilikuwa ikijisokota kwenye kisu badala ya kukatika. Sahani nayo hupitishwa kwenye msasa huo huo.

Unapofunga, hakikisha pini ya mashine imeingia kwenye mfuo wa sahani, la sivyo sahani itazunguka pamoja na kisu. Kaza pete ya mbele kwa mkono mpaka ikatae. Usiigonge kwa nyundo. Ikilegea, nyama hupondeka. Ikikazwa kupita kiasi, mota hupata moto na unga mweusi wa chuma huingia kwenye chakula. Kwa sababu hiyo hiyo usiiendeshe ikiwa tupu. Nyama iwe imepoa hadi iwe ngumu kidogo, iliyokatwa vipande virefu, maana mafuta yenye joto hupakaa matundu na kuyaziba.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja na linanitia wasiwasi. Mdomo wa namba 32 unapitisha vidole, na mota haisikii kama mkono unavyosikia. Chonga mchi wa mti wa kusukumia nyama, wenye kola (ukingo mpana unaouzuia mdomoni), ili usiweze kufika kwenye parafujo inayosukuma nyama ndani hata ukisukumwa kwa nguvu zote. Funika mikanda kwa bati, unganisha waya wa ethi kwenye fremu ya chuma, kwa kuwa mahali hapo huwa na maji daima, na swichi iwekwe pale ambapo goti linaifikia mikono yote miwili ikiwa na kazi.

Ukibadilisha puli, jaribu kwanza kwa kilo moja ya nyama isiyo na mafuta mengi, uangalie inavyotoka: nyuzi zinazoachana, kila moja na rangi yake nyekundu, ndizo unazozitafuta.