Msuli Hausukumi: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Ngamiani na, kama watu wengi wa Tanga, ninakwenda kazini kwa baiskeli. Binti yangu aliye sekondari amerudi na somo kwamba misuli ya mwili huvuta tu na haiwezi kusukuma kitu. Nimemwambia akasikilize tena vizuri, kwa sababu mimi kila asubuhi nasukuma pedeli kwa miguu, na dukani nasukuma mkokoteni kwa mikono. Nani kati yetu amekosea?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba. Binti yako amesema kweli, na wewe pia huongopi unaposema kwamba unasukuma pedeli. Kinachosukuma ni mguu, yaani mifupa iliyoungana kwenye nyonga, goti na kifundo. Misuli inayouendesha mguu huo yote inavuta.

Mbele ya paja ipo misuli minne ambayo kano zake huungana na kuwa ukano mmoja mnene, unaopita juu ya pia ya goti na kujishikiza upande wa mbele wa mfupa wa muundi. Misuli hiyo inapojifupisha, muundi huvutwa mbele na goti hunyooka. Wakati huo huo msuli mkuu wa tako, ambao ndio mkubwa kuliko yote mwilini, huuvuta mfupa wa paja kuelekea nyuma. Goti na nyonga vikinyooka kwa pamoja, unyayo hauna pa kwenda isipokuwa chini, na pedeli huenda nao. Pia ya goti, ambayo wengi huidhani kuwa kifuniko tu, huuweka ukano ule mbali kidogo na kiungo, na kwa hiyo nguvu ile ile ya kuvuta hupata uwezo mkubwa zaidi wa kulinyoosha goti. Mambo ni hayo hayo kwenye mkokoteni: msuli wa nyuma ya mkono wa juu huvuta ncha ya mfupa iliyo kwenye kisukusuku, mkono ukanyooka, na msuli wa kifua huuvuta mfupa wa mkono kuja mbele.

Msuli uliojifupisha hauwezi kujirefusha wenyewe. Lazima uvutwe na msuli mwingine au na uzito fulani, na ndiyo sababu misuli mingi imepangwa kwa upinzani: wa mbele ya mkono wa juu hukunja kisukusuku, wa nyuma hukinyoosha, ya mbele ya paja hunyoosha goti, ya nyuma hulikunja. Mmoja unapoamriwa kuvuta, neva za ugwe wa mgongo huutuliza mpinzani wake ili usiuzuie.

Sababu ya haya yote imo ndani kabisa ya nyama. Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa zaidi ya 600, na kwa mwanamume mtu mzima inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Kwa mwanamke ni pungufu kidogo. Kila msuli ni mafungu ya nyuzi yaliyozungushiwa utando, na kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, kwa kuwa ilijengwa kwa kuungana kwa seli nyingi changa. Ndani ya uzi mna vijiuzi vingi vilivyolala sambamba, na kila kijiuzi kimegawanyika katika vipande vifupi vilivyofuatana, vinavyoitwa sakomea, ambavyo urefu wake ni kama sehemu mbili au tatu za elfu moja za milimita. Humo ndimo kazi inapofanyika.

Katika sakomea mna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nene za protini iitwayo miosini, zikiwa zimeingiliana. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba protini zenyewe hujikunja na kuwa fupi. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili, yalichapisha katika toleo moja la jarida la Nature maelezo yaliyopindua dhana hiyo. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, jambo ambalo limewachanganya wanafunzi wengi.) Walionyesha kwamba nyuzi hazipungui urefu, bali nyembamba huteleza katikati ya nene. Miosini ina vichwa vingi vidogo ambavyo hushika aktini, huivuta hatua moja, huachia, kisha hushika mbele zaidi, kama mabaharia wavutavyo henza mkono baada ya mkono wakati wa kutweka tanga. Vichwa hivyo huvuta kuelekea upande mmoja tu, katikati ya sakomea, na hakuna sehemu yake yoyote iliyoundwa kurudisha aktini nje kwa nguvu. Hapo binti yako ana ushahidi wake.

Vichwa haviwezi kushika mpaka viruhusiwe. Amri hutoka kwenye ubongo au ugwe wa mgongo, hupita katika neva na, ikifika kwenye uzi wa msuli, hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini. Umeme husambaa juu ya uzi, maghala yaliyo ndani hufungua kalisi, na kalisi huondoa kizuizi kilichofunika mahali pa kushikia. Nguvu ya kuvuta, na pia ya kuachia, hutokana na kemikali iitwayo ATP. Kwa sababu hiyo maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo: ATP imekwisha, vichwa vimeshika, na hakuna cha kuviachisha. Kwa aliye hai, kama robo tu ya nishati inayotumika hugeuka kuwa kazi na iliyobaki huwa joto, na mwendesha baiskeli wa Tanga hahitaji kuelezwa jambo hilo mwezi Februari.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama lishe, na samaki nanunua kwenye soko la Deep Sea. Kwa nini nyama ya jodari ni nyekundu na ya changu ni nyeupe, ilhali wote ni samaki wa bahari moja?
Mama lishe, Mgandini

JIBU: Tofauti inatokana na kazi. Jodari huogelea bila kupumzika, na misuli yake ina mayoglobini nyingi, protini nyekundu yenye kuhifadhi oksijeni. Changu hukaa karibu na miamba na huchomoka kwa ghafla kwa muda mfupi, hivyo hutegemea zaidi nyuzi nyeupe zinazovuta haraka na kuchoka haraka. Sisi binadamu nyuzi za aina zote mbili huchanganyika ndani ya msuli mmoja, ingawa msuli wa ndani wa shavu la mguu, unaotusaidia kusimama, una zaidi nyuzi za polepole zisizochoka upesi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulikwenda Lushoto na wenzangu, tukapanda na kushuka milima. Siku ya kwanza sikuumia, siku ya pili nilishindwa kushuka ngazi. Wenzangu wanasema ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Ni kweli?
Mwanafunzi, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, ingawa maelezo hayo yamezagaa hata miongoni mwa makocha. Asidi wanayoisema, yaani ya laktiki, ambayo misuli huitoa inapofanya kazi kwa nguvu, hupungua na kurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, na maumivu yako yalianza siku iliyofuata. Lililokuumiza zaidi ni kushuka. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja huvuta ili kuuzuia mwili usianguke, na papo hapo hurefushwa kwa nguvu na uzito wa mwili, nazo baadhi ya sakomea huchanika. Mwili huanza kuzikarabati, na maumivu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Tembea polepole, kunywa maji, subiri. Ukirudia safari kama hiyo baada ya wiki moja au mbili, utaumia kidogo sana, kwa sababu msuli huwa umeshazoea. Lakini misuli ikivimba na kukosa nguvu, na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia iliyokolea, usisubiri hata kidogo: hiyo ni dalili kwamba nyuzi nyingi zimevunjika na vitu vilivyomo vinaweza kudhuru figo, na mtu wa namna hiyo anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo.