Jibu: Daftari la bibi limejaa bei za vitu tu, je, lina historia?

Dada, unasema daftari la bibi yako wa Moshi, la 1977 hadi 1979, ni mabati, sabuni na foleni tu, dunia haimo. Imo, tena tele!

Chukua yale mabati ya 1977. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni huko Paraná, Brazil. Kahawa ikaadimika, bei ikapanda hadi kilele mwaka 1977. Bibi aliezeka nyumba kwa fedha za kahawa kipindi hichohicho, na mimi nisingeiacha habari hiyo ipite hivihivi. Ile "sabuni ya Taveta, kimyakimya" nayo ni magendo, maana Taveta iko ng'ambo, Kenya: mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Foleni za 1979 zina vita vya Kagera ndani yake, pamoja na mafuta yaliyopanda bei baada ya mapinduzi ya Iran.

Ila usichanganye matukio na maneno yake. Nakili kila ukurasa ulivyo, hata tahajia usirekebishe, halafu matukio yaweke kwenye safu ya pembeni. Tarehe zihakiki kwenye magazeti ya Uhuru na Daily News ya wakati ule.

Na pale Novemba 1978 alipoandika "kaondoka leo" bila jina, muulize mama yako mapema. Idi Amin wa Uganda alikuwa ameshaingia Kagera, na mgambo walikuwa wanaitwa vitani.