Sanamu la Rhodes halikutanua miguu juu ya bandari
Wengi husimulia kwamba sanamu kubwa la kale la kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, lilisimama limetanua miguu juu ya mlango wa bandari. Hapana, meli hazikupita chini ya miguu yake. Picha hizo za sanamu la Rhodes lenye mguu mmoja huku na mwingine kule ni ubunifu wa watu wa karne nyingi baadaye. Liliangushwa na tetemeko mnamo 226 KK, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, anasema lilivunjikia magotini. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, anaeleza lilivyolala chini: dole gumba lake peke yake, wachache ndio waliweza kulikumbatia. Sasa lingekuwa limesimama mlangoni mwa bandari, si lingetumbukia majini na kuziba njia? Ila mahali hasa liliposimama, wataalamu bado wanabishana.