SPSS sina, R siijui, nifanyeje?

SWALI: Mambo mhariri, niko mwaka wa mwisho masta ya afya ya jamii, nna madodoso 312, msimamizi kasema nichambue kwa SPSS (programu ya takwimu ya kulipia), washkaji wanasema R (nyingine ya takwimu), leseni ya SPSS sina na ile ya kukreki imenijazia virusi kwenye laptopu. Dedlaini mwezi ujao!

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo ya kukreki achana nayo kabisa. Kwanza ulizia maabara ya kompyuta hapo chuoni, leseni inaweza kuwepo. Ikikosekana pakua programu ya takwimu inaitwa jamovi, ni ya bure, unabofya-bofya tu kama SPSS, faili za .sav (ndo za SPSS) inafungua na hesabu zake nyuma ya pazia zinafanywa na R. R yenyewe nayo bure, tena tamu (mi naipenda), ila inataka uandike kodi (yaani amri za kompyuta) na kwa mwezi mmoja utajitesa bure. Alafu muulize msimamizi anataka programu yenyewe ya SPSS au majedwali ya matokeo tu.