Kabla Hujaichora Nyalenda: Maneno kwa Wanaoanza Kazi ya Nyanjani

Kila muhula kundi jipya linateremka Kisumu na hojaji kwenye simu, na kila muhula naletewa ramani ileile. Mitaa ya kipato cha chini, Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani, imepakwa nyekundu, na mji uliobaki mweupe, kana kwamba huko hakuishi mtu. Bidii yenu naiona na nawapenda kwayo. Ila ramani hiyo haijamtetea yeyote bado.

1. Milimani, mtaa wa wenye nacho, iwe ndani ya ramani. Kati yake na Nyalenda kuna Ring Road tu. Upande mmoja bomba linaingia hadi jikoni. Upande wa pili mama amepanga foleni kioskini na mtungi wa lita 20, na kwa kila lita analipa zaidi ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Ukiichora Nyalenda peke yake, msomaji anaona watu wasio na maji na basi. Zichore zote mbili, uchore na bomba lenyewe, aone lilikoishia, kisha aulize nani aliamua liishie hapo. Kule Detroit, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanajiografia William Bunge na Gwendolyn Warren, kijana mkaazi wa mji huo, walichora mahali watoto Weusi walipogongwa na magari. Hawakuridhika na vitone. Walionyesha pia barabara ambazo madereva wa vitongoji vya wenye nacho walipitia kwenda na kutoka kazini. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka kwenu.

2. Ardhi. Hapa nitakaa, maana kosa hili linaniuma hadi leo. Kundi moja lilikuja likiwa limesoma sana habari za Kibera ya Nairobi, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, likaihamishia Kibera nzima Nyalenda. Kwenye safu ya umiliki wakajaza "ardhi ya umma iliyovamiwa", mtaa mzima, bila kumuuliza mtu. Siku ya kuwasilisha matokeo kwa wenyeji wakaibandika ukutani. Mzee mmoja akasogea, akaifuata njia ya kwake kwa kidole mpaka akaipata, kisha akasoma maelezo ya rangi pale chini. Hakusema kitu. Alirudi kitini, akafungua bahasha ya kaki, akatoa nakala ya hati ya ardhi yenye jina la marehemu baba yake. "Baba amezikwa pale," akasema. "Nielezeni, vijana, nilimvamia nani?" Hakuna aliyejibu. Waliopaka rangi ile walikuwa wanafunzi wazuri, na ndiyo maana nasema tusiishie kulaumu uvivu, walikosa historia.

Reli ilifika hapa mwaka 1901. Mji ukapangwa kwa ajili ya Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi, na Waafrika wengi wakabaki nje ya mpaka, kwenye ardhi ya koo zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ukasogezwa, na mashamba hayo yakajikuta mjini. Ndiyo sababu Nyalenda na Manyatta unaweza kukuta kaburi la babu katikati ya vyumba vya kupangisha, na vichochoro visivyonyooka: kila familia ilijenga ndani ya kipande chake. Sasa wewe ukiandika "ardhi ya umma", siku barabara inapanuliwa ramani yako inaweza kutumiwa kumnyima mzee yule fidia ambayo Kifungu cha 40 cha Katiba kinamlinda nayo. Wala usiishie kwa mwenye ploti. Wengi wanaoishi pale ni wapangaji, na fidia ikija wao hufungasha virago tu. Waandikie safu yao.

3. Acheni mduara wa kilomita 5, ule unaochorwa kuzunguka zahanati kuonyesha nani yuko karibu na huduma. Ukiuzungushia zahanati iliyo karibu na mto Nyando, kila kijiji kilichomo kinaonekana kimehudumiwa. Mvua ikija, uwanda wa Kano ukijaa maji, mjamzito aliye ng'ambo ya mto inabidi azunguke kutafuta daraja, na mduara wako haujui kwamba kuna mto. Pima njia anayopita, kwa dakika, kiangazi na masika.

4. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza, kisha chifu, kisha mzee wa kijiji.

5. Bei ya mtungi iulize wiki yenye maji na tena wiki mifereji imekauka, na uandike ufunguo wa kioski anao nani.

6. Usiweke nukta juu ya nyumba ya mgonjwa au mjane. Jumlisha kwa mtaa, na uisome Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla hujafungua hojaji.

7. Rudisheni ramani kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Ramani ya Novemba, hata ikipata A, imeukosa mwaka mzima wa fedha. Ichapisheni kubwa, kwenye karatasi, yenye majina wanayotumia wenyeji: Pandpieri, Dago, Got Owak. Ipelekeni kwa chifu mwezi wa Julai, ili wakaazi waende nayo kwenye kikao cha maoni ya umma na waoneshe kwa kidole bomba lilipoishia. Anayekwama na gharama ya kuchapisha aje ofisini kwangu mapema Juni, tuipangie njia.