Hita ya maji na kile kisanduku cha "kupunguza umeme"

Swali: Shikamoo fundi. Tuko Newala, na asubuhi za Juni na Julai watoto wanagoma kuoga. Tukiuza korosho tunataka kununua hita. Fundi wa huku anasema nichukue ya kilowati 1.5, maana ya 4.5 italamba LUKU, halafu niongeze kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopunguza umeme nusu kwa nusu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kilowati ni kasi ya kupasha, si ukubwa wa bili. Ndoo ya lita 20, kuitoa tuseme nyuzi 20 za asubuhi ya baridi hadi 40, inataka kama uniti 0.47. Hita ya 1.5 itaimaliza kwa kama dakika 19, ya 4.5 kwa kama dakika 6. Uniti ni zile zile.

Panapopotea umeme ni kwenye hita ya tangi inayoachwa imewashwa mchana kutwa: joto linavuja, inapasha tena, na jioni hujaoga bado. Ukinunua ya tangi, lita 30 zinawatosha, iwashe kabla ya kuoga kisha zima. Hita ya shawa haihifadhi maji, kwa hiyo haina hasara hiyo, ila inahitaji msukumo. Simtenki likiwa juu kidogo tu ya bafu, huenda isiwake kabisa. Kama nyumba ni yenu na mfuko unaruhusu, sola ya maji moto inashinda zote.

Sasa hicho kisanduku. Kila msimu wa korosho kinarudi, na kila msimu naletewa kimoja na mtu aliyekwisha kulia. Nimevifungua: ndani kuna kapasita (kidude kinachoshika chaji ya umeme kwa muda mfupi), kitaa cha kijani na plastiki tupu. Kapasita ina kazi yake viwandani, kwenye mota kubwa. Hita si mota. Ni waya unaopata moto, na kila uniti inayoingia inageuka joto. Hakuna kilichobaki cha kuokolewa. Mita ya LUKU nayo inahesabu uniti zilizotumika kweli, haidanganywi na kitaa. Anayekuuzia nusu ya bili anakuuzia kitaa.

Na mtu huyo huyo ndiye atakayejitolea kukufungia hita bure. Hapo ndipo naogopa. Hita ya kilowati 4.5 inavuta karibu ampea 20. Yeye ataiunga kwenye soketi ya pasi, waya utapata moto ndani ya ukuta. Ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, ataiacha inaning'inia, au ataifunga kwenye bomba la plastiki, ambalo halipitishi umeme hata chembe. Mwenye hita dai laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita za mraba 4 au zaidi, breka yake, ethi iliyofika ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Na kama hita uliyonayo tayari inakutia ganzi vidoleni ukishika bomba, izime leo, kabla mtoto hajaingia bafuni.