Kwa ndugu uliyechaguliwa vestri mara ya kwanza

Nimemaliza miaka yangu mitatu kwenye vestri, lile baraza la walei linalosimamia parokia katika Kanisa la Episkopali hapa Marekani. Ndugu yangu ambaye jina lako limesomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu, pokea machache niliyojifunza.

Zito kuliko yote: usikae kimya kwa ajili ya heshima. Wengi wetu tumelelewa hivyo, kasisi akisema tunaitikia amina na kikao kinafungwa. Hapa kasisi ndiye mwenyekiti, na mambo ya ibada ni yake. Lakini kwa kanuni za kanisa, vestri ndiyo inayoiwakilisha parokia kisheria katika mali yake. Ukipiga kura, unabeba dhamana.

Mimi nilikaa miezi mitano bila kufungua mdomo. Machi niliona kwenye taarifa ya mhazini kwamba fedha za paa zimepungua, na paa lenyewe halijaguswa. Nikajiambia, wakubwa wanajua. Hakuna aliyeiba, zilikuwa zimelipia gesi ya kupasha kanisa joto wakati wa baridi. Ila waliozitoa walizitoa kwa paa, na fedha iliyotolewa kwa kazi fulani haihamishwi kimyakimya. Mambo yalijulikana alipokuja mkaguzi, kwa kuwa hesabu hukaguliwa kila mwaka na ripoti lazima imfikie askofu kabla Septemba 1 haijapita. Kuzirudisha fedha zile kulitugharimu mwaka mzima wa kujibana. Kama ningeuliza Machi, tungeshtuka mapema.

Kuhesabu sadaka: watu wawili, wasiwe wa nyumba moja. Fungueni bahasha mkiwa pamoja, hundi zigongwe muhuri nyuma, noti zipangwe kwa aina yake. Mmoja akimaliza, mwenzake ahesabu upya, kisha wote watie sahihi. Siku moja mama mmoja wa ibada yetu ya Kiswahili alinishika mkono pale kwenye maegesho, akanipa bahasha: “Mwanangu, nifikishie.” Nikaitia kwenye koti, nikaenda kazini zamu ya usiku. Niliikuta Jumatano. Hakuna aliyenituhumu, lakini nililala vibaya siku kadhaa. Tangu hapo jibu langu ni moja: “Mama, twende wote ofisini.” Anaona inavyoandikwa, naye anaondoka na amani. Na anayetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja anahitaji barua ya kanisa ikiwa atadai nafuu ya kodi, kwa hiyo majina yaandikwe sawasawa.

Halafu kuna kadi za ahadi, zinazogawiwa majira ya vuli, ambazo muumini anaandika jina lake na kiasi atakachotoa mwaka unaofuata. Hapa naomba unisikilize vizuri. Watu wetu wanatoa, tena kwa moyo, lakini wanatia noti kapuni bila jina. Kuahidi wanaogopa: zamu za kazi hazitabiriki, na nyumbani kuna ada za shule na wagonjwa. Sasa bajeti ya mwaka unaofuata inapangwa kwa kadi hizo, na anayesoma orodha anaona kana kwamba waumini wa Kiswahili hawapo. Tukiomba vitabu vya nyimbo au saa nzuri ya ibada, tunaonekana wageni wakati sisi ni wenye nyumba. Mkutano Mkuu wa Kanisa zima la Episkopali ulitamka mwaka 1982 kuwa fungu la kumi ndicho kiwango cha chini cha utoaji. Usimbane mtu nalo siku ya kwanza. Mweleze kwamba ahadi hubadilishwa mambo yakibadilika, inatosha kumwarifu mhazini.

Kadi ya kwanza iwe yako. Mimi niliandika dola kumi kwa wiki, nikaisoma mbele ya watu kwa Kiswahili, baada ya ibada nikakaa mezani na kalamu. Yule mama wa bahasha alikuja kabla ya wote. Nilimwandikia jina, tarakimu aliziandika mwenyewe.